Kidonge kilichotuliza kubugia kikaumiza moyo: kisa cha fenfluramini na swali linaloingoja DOI

Kwa watafiti wa ubongo, DOI ni jina la kila siku. Ni amfetamini inayoleta maluweluwe, na nguvu yake ni kubwa kiasi kwamba miligramu 2 au 3 humtosha mtu mzima kuona na kuhisi visivyokuwepo kwa saa 16 na zaidi. Haijawahi kuwa dawa ya hospitali. Imekuwa kifaa cha maabara, kitu anachopewa panya ili mtafiti aone serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva, inafanya nini kichwani. Sasa wimbi jipya la utafiti wa dawa za maluweluwe limeivuta DOI karibu na ugonjwa ambao watu wengi wanauficha: ugonjwa wa kubugia chakula. Wanaouliza wanataka kujua kama dawa inayogusa vipokezi vya serotonini, yaani sehemu za seli zinazoipokea, kwa namna hii inaweza kumsaidia mtu anayekula bila kuweza kujizuia.

Swali hili limeshawahi kuulizwa kwa binadamu, na kwa amfetamini ya ukoo wa karibu. Mwaka 1996 jibu lilichapishwa, nalo lilikuwa ndiyo, inasaidia. Mwaka uliofuata dawa hiyo iliondolewa sokoni Marekani kwa sababu ilikuwa inaharibu vali za moyo. Jina lake ni fenfluramini. Nimechagua kukichambua kisa chake kwa urefu kwa sababu naona anayesoma habari za DOI bila kukijua kisa hiki anaweza kudanganyika kirahisi sana, tena na utafiti ambao haukusema uongo wowote.

Ugonjwa wenyewe

Kubugia ninakokusema hapa ni tofauti na kushiba kupita kiasi siku ya Idi au kwenye harusi ya binamu. Mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa magonjwa ya akili, toleo la mwaka 2013, ndio ulioupa ugonjwa huu nafasi yake peke yake. Mtu anakula kwa muda mfupi, tuseme saa mbili, chakula kingi kuliko ambacho wengi wangeweza kukila kwa muda huo, na wakati anakula anajihisi hana uwezo wa kuacha. Anakula haraka. Anakula hali hana njaa. Anakula mpaka tumbo linamuuma, na mara nyingi anakula peke yake kwa sababu anaona aibu. Akimaliza anajichukia. Hali hiyo ikimjia angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, na wala hajitapishi au kumeza dawa za kuharisha ili kufidia, daktari ana haki ya kuuita ugonjwa huo kwa jina lake.

Kwetu ugonjwa huu una maficho mazuri. Mtu akinenepa anaambiwa maisha yamemnyookea, na mtu akisema hawezi kuacha kula anaambiwa hana adabu ya tumbo. Kati ya sifa na kejeli hizo mbili hakuna mlango wa kumpeleka kwa daktari. Ndiyo maana matangazo ya vidonge vya kupunguza uzito kwenye simu humpata mgonjwa kabla daktari hajampata.

Aliyeueleza ugonjwa huu wa mwili na akili kwa mara ya kwanza katika jarida la kitabibu alikuwa daktari wa akili wa Marekani, Albert Stunkard, mwaka 1959. Mkumbuke jina hilo, kwa sababu miaka 37 baadaye ndiye aliyeongoza jaribio ambalo ni kiini cha kisa hiki.

Ukoo wa dawa hizi

Fenfluramini na DOI zina kiunzi kimoja cha kikemia, kile cha amfetamini. Tofauti iko kwenye vitu vilivyopachikwa juu yake. DOI imepachikwa iodini na vikundi viwili vya methoksi, na hivyo ndivyo vinavyoigeuza kuwa dawa ya maluweluwe. Fenfluramini imepachikwa kikundi chenye atomi tatu za florini, kikaiondolea ule msisimko wa amfetamini ya kawaida. Aliyeimeza alikuwa na uwezekano mkubwa wa kusinzia kuliko kukesha.

Hata hivyo undugu haukukatika. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1975, watu wanane waliowahi kuwa na uraibu walipewa fenfluramini kwa dozi za kupanda. Walipofika miligramu 240, watatu kati yao walipata maluweluwe. Kwa hiyo dawa ambayo baadaye ilimezwa na mamilioni ya watu kama kidonge cha kupunguza unene ilikuwa na uso wa pili, uliojitokeza dozi ilipopanda.

Zote mbili zinafanya kazi kupitia serotonini, ingawa njia zinatofautiana. DOI inakwenda moja kwa moja kwenye vipokezi. Fenfluramini inazifanya seli za neva zimwage serotonini yake, halafu ini likishaivunja, kinabaki kitu kiitwacho norfenfluramini, nacho kinakwenda kwenye vipokezi chenyewe.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote, kwa hiyo niende polepole. Vipokezi vya serotonini viko vya aina nyingi, na kundi moja dogo lina ndugu watatu wanaofanana mno: 2A, 2B na 2C. Ni kama makufuli matatu ya fundi mmoja. Ufunguo uliochongwa kwa ajili ya moja mara nyingi huyafungua na mengine. Kipokezi cha 2A kiko kwa wingi kwenye gamba la ubongo, na kukiamsha ndiko kunakoleta maluweluwe. Kipokezi cha 2C kiko katika sehemu za ubongo zinazoratibu njaa na shibe. Mwaka 1995 Laurence Tecott na wenzake walionyesha kwamba panya waliozaliwa bila kipokezi hicho walikula kupita kiasi na kunenepa. Kipokezi cha 2B hakizungumzwi sana kwenye habari za ubongo, kwa sababu makao yake yanayotuhusu hapa yako kwenye vali za moyo. Kikiamshwa siku baada ya siku, kinaziambia seli za vali zizaliane na kutandaza nyuzinyuzi.

DOI inaviamsha vyote vitatu. Norfenfluramini nayo ina nguvu kwenye 2B na 2C.

Miaka mitano ya fen-phen

Fenfluramini ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1963, ikitoka kampuni ya Servier. Marekani iliiruhusu mwaka 1973, kwa matumizi ya muda mfupi, na kwa karibu miaka ishirini haikuwa na mvuto mkubwa: ilileta usingizi na kuharisha, na uzito ulirudi mtu alipoacha.

Kilichoibadilishia bahati kilitoka Chuo Kikuu cha Rochester, jimbo la New York. Michael Weintraub alikuwa na wazo lenye mantiki nzuri. Fenfluramini inasinzisha; fentamini, dawa nyingine ya kukata hamu ya kula, inachangamsha. Ukizichanganya kwa dozi ndogondogo, kila moja itafuta kero ya mwenzake na njaa itapigwa kutoka pande mbili. Alianza na watu 121 na kuwafuatilia kwa karibu miaka minne. Matokeo yalichapishwa mwaka 1992, na kupungua uzito kulikuwa kukubwa kuliko madaktari walivyozoea kuona kwa dawa. Mchanganyiko huo ukapewa jina la mtaani, fen-phen, na kliniki za kupunguza unene zikafunguliwa kila kona.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, haikuwahi kuuidhinisha mchanganyiko huo. Kila dawa peke yake ilikuwa na ruhusa ya wiki chache. Madaktari waliziandika pamoja kwa miezi na miaka kwa sababu sheria iliwapa uhuru huo. Mwezi Aprili 1996 FDA iliidhinisha pia deksfenfluramini, ambayo ni nusu yenye nguvu ya fenfluramini, kwa jina la Redux. Mwaka huohuo vyeti vya dawa vya fenfluramini na fentamini vilivyoandikwa Marekani vilizidi milioni 18.

Kulikuwa na onyo moja tayari. Agosti 1996 kikundi cha Lucien Abenhaim kilichapisha utafiti wa Ulaya uliolinganisha wagonjwa 95 wenye presha ya mapafu isiyo na chanzo kinachojulikana na watu 355 wasiokuwa nayo. Waliotumia dawa za kukata hamu ya kula, hasa jamii ya fenfluramini, kwa zaidi ya miezi mitatu walikuwa na uwezekano wa kupata ugonjwa huo mara 23 hivi kuliko wasiotumia. Waliotetea dawa walijibu kwamba ugonjwa wenyewe ni adimu sana, hivyo hata mara 23 ya kitu adimu ni wachache, na unene nao unaua. Hoja hiyo ilikuwa na hesabu sahihi ndani yake. Kasoro yake ni kwamba ilihesabu madhara yaliyojulikana tu.

Jaribio la Stunkard

Tuingie sasa kwenye kile kinachohusu kubugia moja kwa moja. Stunkard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwachukua wanawake 50 wenye unene mkubwa na ugonjwa wa kubugia. Kwanza wote walipewa kidonge kisicho na dawa bila wao kujua. Karibu nusu walitulia kwa hicho tu, na hapo pana funzo ambalo huwa napenda lisomwe mara mbili: huu ni ugonjwa unaosikiliza sana matumaini, kwa hiyo utafiti wowote usio na kundi la kulinganisha hauna uzito. Waliobaki wanabugia walikuwa 28. Hao wakagawanywa kwa bahati nasibu, wengine deksfenfluramini, wengine kidonge tupu, kwa wiki nane.

Kubugia kulipungua kwa waliopewa dawa kwa kasi mara tatu ya wenzao. Kwa ugonjwa huu, matokeo hayo yalikuwa mazuri mno.

Lakini yako mambo mawili yaliyoandikwa humohumo ambayo msomaji mwenye haraka aliyaruka. La kwanza, pamoja na kuacha kubugia, waliopewa dawa hawakupungua uzito kuwashinda wenzao. La pili, walipofuatiliwa miezi minne baada ya kuacha dawa, kubugia kulikuwa kumewarudia. Dawa ilifanya kazi ilipokuwa mwilini, na ilipotoka, ugonjwa ukarudi mahali pake.

Ukiunganisha mambo hayo, tafsiri yake kwa mgonjwa ni moja tu: ili abaki na nafuu, itabidi ameze kila siku, miezi na miaka. Na kumeza kila siku kwa miezi ndiyo hasa hali ambayo kipokezi cha 2B kinahitaji ili kuharibu vali. Jaribio la wiki nane halingeweza kuliona hilo. Siwalaumu watafiti wale. Walijibu swali walilouliza, wakaripoti kwa uaminifu hata yasiyopendeza. Walichokosa ni mtu wa kuuliza swali la moyo.

Fargo

Mtu huyo alipatikana mbali na vyuo vikubwa, katika mji wa Fargo, North Dakota. Fundi wa eko, yaani kipimo kinachoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti, katika kliniki moja ya moyo alianza kugundua kitu kinachojirudia. Kwenye skrini ya eko, vali nzuri hufunguka na kufungika kwa wepesi, ikionekana kama uzi mwembamba unaorukaruka kila moyo unapodunda. Alizokuwa anaziona zilikuwa nene, zimekakamaa, hazikutani vizuri katikati, na damu ilikuwa inarudi nyuma kupitia upenyo uliobaki. Wenye vali hizo hawakuwa wazee waliowahi kuugua homa ya rumatiki. Walikuwa wanawake wa makamo, na kitu walichoshirikiana kwenye faili zao ni fen-phen.

Daktari wa moyo Jack Crary alilichukua jambo hilo kwa uzito na kuwasiliana na Heidi Connolly wa Mayo Clinic, jimbo jirani la Minnesota, ambaye naye alikuwa ameona mgonjwa wa namna hiyo. Wakakusanya visa 24, wote wanawake, wastani wa umri miaka 44, wote bila historia ya ugonjwa wa moyo. Wanane walikuwa pia na presha ya mapafu. Watano walikuwa wameshafanyiwa upasuaji wa vali. Vali zilizotolewa zilipotazamwa kwa macho zilikuwa nyeupe na zinang'aa, zimefunikwa utando juu ya umbo ambalo chini yake lilikuwa zima.

Utando huo haukuwa mgeni kwa wataalamu wa patholojia. Walishauona kwa wagonjwa wenye uvimbe wa kasinoidi, ambao humwaga serotonini kwenye damu. Walishauona kwa watu waliotumia ergotamini na methisejidi kwa miaka mingi kutibu kipandauso. Alama zote tatu zilikuwa zinaelekeza kwenye serotonini, na zilikuwa zimekaa kwenye vitabu vya kitabibu wakati fen-phen inaandikwa kwa mamilioni. Hakuna aliyeziweka pamoja kwa sababu waliosoma habari za njaa hawakuwa wakisoma habari za vali.

Mayo walitangaza matokeo Julai 1997. FDA ikaomba taarifa zaidi, na kutoka vituo vitano ikapata majibu ya eko ya watumiaji 291 ambao hawakuwa na dalili yoyote. Kati yao, 92 walikuwa na vali zenye hitilafu, karibu mmoja katika kila watatu. Tarehe 15 Septemba 1997 fenfluramini na deksfenfluramini ziliondolewa sokoni. Fentamini ilibaki, na inaandikwa mpaka leo. Kampuni iliyokuwa ikiuza, American Home Products, ilikubali mwaka 1999 kulipa dola bilioni 3.75 kwa kesi ya pamoja, na gharama zote baadaye zilipita mbali kiasi hicho.

Wakati dawa inaondolewa, hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni kipokezi gani kilichofanya uharibifu. Jibu lilikuja mwaka 2000, maabara mbili tofauti zilipochapisha matokeo yanayofanana: norfenfluramini inakiamsha kipokezi cha 2B kwa nguvu, na dawa nyingine zilizowahi kuharibu vali nazo, au mabaki yake mwilini, zinafanya vivyo hivyo.

Kosa lililorudiwa

Ingekuwa faraja kusema kwamba baada ya hapo kila mtu alijifunza. Ufaransa, Servier ilikuwa na dawa nyingine, benfluoreksi, iliyouzwa kwa jina la Mediator tangu mwaka 1976 kwa wagonjwa wa kisukari wenye unene, na kuandikwa sana kwa watu waliotaka kupungua tu. Ndani ya mwili benfluoreksi inageuka kuwa norfenfluramini, ileile. Iliendelea kuuzwa miaka kumi na miwili baada ya Fargo. Irène Frachon, daktari wa mapafu mjini Brest, ndiye aliyekusanya visa vya wagonjwa wake mpaka dawa ikaondolewa Novemba 2009, baada ya kutumiwa na watu wapatao milioni 5. Machi 2021 mahakama ya Paris iliitia hatiani kampuni hiyo kwa udanganyifu na kwa kusababisha vifo bila kukusudia.

Kwangu mimi sehemu hii inauma kuliko ya Marekani. Mwaka 1997 watu wangeweza kusema hawakujua. Mwaka 2009 jina la kitu kinachoharibu vali lilikuwa limeandikwa kwenye majarida kwa karibu muongo mzima.

Njia nyingine waliyoijaribu watafiti ni kuchonga dawa inayokwenda kwenye 2C peke yake, iache moyo na maluweluwe kando. Ndivyo ilivyozaliwa lokaserini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012. Katika panya ilipunguza kubugia; mwaka 2017 kundi la watafiti wa Baylor, Houston, lilionyesha kwamba kuamsha 2C kwenye seli za dopamini, kemikali nyingine ya ubongo, kunatosha kutuliza ulaji wa namna hiyo. Vali hazikuwa tatizo. Lakini jaribio kubwa la watu 12,000 lilipokamilika, saratani zilionekana kwa asilimia 7.7 ya waliopewa dawa dhidi ya 7.1 ya waliopewa kidonge tupu, na Februari 2020 dawa ikaondolewa. Tofauti hiyo ni ndogo na bado inabishaniwa. Ila dawa ya kumezwa miaka mingi na mtu ambaye hafi kesho inapimwa kwa mizani kali, na naona ni sawa.

Sasa DOI

Kwamba DOI inawafanya panya wale kidogo si habari mpya. Ilichapishwa mwaka 1988, pamoja na ushahidi kwamba ukiziba vipokezi vya kundi hili, athari hiyo inapotea. Kilichoongezeka ni kuipima kwenye mifano ya kubugia. Mfano unaotumika sana umejengwa na Rebecca Corwin wa Chuo Kikuu cha Penn State: panya wana chakula chao cha kawaida muda wote, hawashindi njaa, lakini Jumatatu, Jumatano na Ijumaa wanawekewa kwa muda mfupi mafuta ya kupikia yaliyoganda, yale meupe ya kopo. Baada ya wiki chache, siku za mafuta wanayavamia na kula kwa muda huo mfupi kiasi cha kushangaza. Watafiti wanapima gramu ngapi zimeliwa, kwanza bila dawa, kisha na dawa.

Mfano ni mzuri, na una mipaka. Panya hana aibu, hajifichi wala hajichukii akimaliza. Kinachopimwa ni mwendo wa mdomo, na kwa DOI hata huo una shida yake: dawa hii inamfanya panya atikise kichwa kwa mitikiso mifupi ya ghafla, na mitikiso hiyo ndiyo watafiti wanayoihesabu kama alama ya maluweluwe. Panya anayetikisa kichwa na kubadilika mwendo anaweza kula kidogo kwa sababu tu hana utulivu wa kula. Kwa hiyo, mtu akikuletea utafiti unaosema DOI ilipunguza kubugia, tazama kwanza kama walipima pia chakula cha kawaida, maji na kutembea. Mafuta yakipungua huku mengine yakibaki palepale, kuna la kujadili. Vyote vikipungua pamoja, panya alikuwa amevurugwa tu.

Tazama pia kama walitenganisha vipokezi. Kukiziba 2C na kukiziba 2A kwa zamu kunaonyesha ni kipi kilichofanya kazi. Kama ni 2C, maluweluwe ya DOI hayana mchango wowote kwenye tiba. Ni mzigo, na tumerudi kwenye barabara ya lokaserini. Kama ni 2A, hapo kuna jambo jipya kweli.

Wanaoitetea njia ya dawa za maluweluwe wana hoja moja nzito, na haki inanitaka niiseme kwa nguvu zake zote. Psilosaibini, dawa ya maluweluwe inayotokana na uyoga, inajaribiwa kwa dozi moja au mbili, mbele ya mtaalamu, kwa matumaini kwamba mabadiliko yatabaki wiki na miezi baada ya dawa kutoka mwilini. Kipokezi cha 2B kinaharibu vali kwa kuamshwa mfululizo. Dozi moja haitazamiwi kuleta madhara hayo. Kwa mpango huo, kivuli cha fenfluramini kinakuwa chepesi.

Kinarudi kikiwa kizito pale mtu anapoanza kumeza kidogokidogo kila siku mbili tatu, kama inavyofanyika sasa na dawa za maluweluwe katika nchi za Magharibi, akiamini kwamba kidogo hakidhuru. Dozi isiyoleta maono bado inaweza kukigusa 2B, na inakigusa mara nyingi. Ushahidi wa karibu unatoka kwa MDMA, amfetamini nyingine ya ukoo huu: mwaka 2007 watafiti wa Ubelgiji waliwapima watumiaji 29 kwa eko, na wanane walikuwa na vali zenye hitilafu, wakati kundi la kulinganishwa nalo halikuwa na hata mmoja. Ni utafiti mdogo, na watu hao walikuwa wametumia kwa miaka, lakini umeelekea kulekule.

Kwa hiyo swali la kuiuliza DOI ni lile ambalo jaribio la Stunkard lilishalijibu kwa deksfenfluramini: dawa ikitoka mwilini, kubugia kunarudi? Utafiti wa panya unaopima ulaji saa chache baada ya sindano hauwezi kulijibu, hata ukiwa na michoro mizuri namna gani. Unatakiwa upime wiki moja baadaye, wiki tatu baadaye, bila dozi nyingine kati. Kubugia kukirudi siku ya pili, tunachozungumzia ni dawa ya kila siku inayoamsha 2B na kuleta maluweluwe juu yake, na mazungumzo yanapaswa kuishia hapo. Kusiporudi, kuna sababu ya kuendelea.

Njia ya utafiti huo nayo ina vikwazo. Desemba 2023 idara ya kupambana na dawa za kulevya ya Marekani, DEA, ilipendekeza DOI iingizwe kwenye daraja la juu kabisa la dawa zilizopigwa marufuku, na wanasayansi wakapinga wakisema maabara nyingi zinaitegemea kuelewa kipokezi cha 2A. Hofu ya DEA ina msingi wake: dawa za jamii hii huuzwa mitaani kwenye vipande vya karatasi kwa jina la LSD, zinachelewa kupanda, na anayeongeza kipande cha pili kwa kudhani cha kwanza hakikufanya kazi huwa anajiweka hatarini. Lakini mtafiti mwenye panya na mizani hapaswi kulipia kosa la muuza karatasi.

Kwa mgonjwa wa leo, DOI si tiba, na hakuna daktari anayeweza kumwandikia. Kinachotangulia ni tiba ya mazungumzo, hasa ile inayomfundisha mtu kupanga nyakati za kula na kutambua kinachomsukuma kabla hajafungua kabati. Kwa upande wa dawa, Januari 2015 FDA iliidhinisha lisdeksamfetamini kwa watu wazima wenye kubugia kwa kiwango cha kati hadi kikali, miligramu 50 hadi 70 kwa siku. Nayo ni amfetamini, lakini inafanya kazi zaidi kwa dopamini na noradrenalini, na karatasi yake ya maelezo inakataza wazi kuitumia kwa kupunguza uzito. Inapandisha mapigo ya moyo na presha, na uraibu unawezekana, kwa hiyo inahitaji daktari anayekuona mara kwa mara. Kidonge kisicho na jina kilichotoka kwenye kundi la WhatsApp hakina ulinzi huo. Mamlaka za dawa zimeshakuta sibutramini, dawa ya zamani ya kupunguza uzito, na hata fenfluramini yenyewe, ndani ya bidhaa zilizoandikwa kuwa ni mimea tupu.

Na fenfluramini imerudi hospitalini. Juni 2020 FDA iliiidhinisha upya, kwa jina la Fintepla, kwa wagonjwa wa miaka miwili na zaidi wenye ugonjwa wa Dravet, kifafa kikali kinachoanza utotoni na kisichosikia dawa nyingi. Dozi ya juu ni miligramu 26 kwa siku, wakati enzi za fen-phen watu walimeza 60 na kupita. Kabla ya kuanza, mgonjwa anapimwa eko. Halafu anapimwa tena kila miezi sita muda wote anaoitumia, na mara moja zaidi baada ya kuacha.